Bomba la Jikoni Nyegezi

Vijana wa karakana mlinifanyia sherehe nzuri ya kustaafu. Mlinipa kitenge, saa ya ukutani na keki yenye umbo la koki. Keki ilikuwa tamu, saa imeshasimama. Halafu mmoja wenu, na ninamjua, akanyanyuka mbele ya wageni akaniuliza: "Mama Leokadia, katika kazi zako zote, ipi ilikushtua kuliko zote?" Nikawajibu kwamba ni siku ile nilipofunua chemba pale Igogo nikakutana uso kwa uso na kenge. Mkacheka, muziki ukapigwa, tukala.

Kenge alikuwepo kweli, lakini hakunishtua hivyo. Yeye alikimbia na mimi nilikimbia, tukaachana. Kazi iliyonishtua ni nyingine, na isingefaa kusimuliwa pale wali ukipakuliwa. Sasa nimekaa nyumbani Usagara, kuku wananizunguka, nina muda. Mwenye haki ya kuniruhusu ameniruhusu niandike, ila amesema nibadilishe majina. Nimeyabadilisha.

Nilipoanza kazi ya bomba nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye kundi letu. Wenzangu walibishana nitavaa nini, kana kwamba bomba linajali. Aliyenipokea ni Mzee Masalu, fundi mwenye mikono mipana na maneno machache. Siku ya kwanza hakunipa spana. Alinipeleka kwenye mitambo ya kusafishia maji, mahali ambapo maji yanashuka kwenye ngazi za saruji kabla ya kuingia kwenye tangi.

"Unajua kwa nini yanashuka ngazi?"

"Ili yafike chini, mzee."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Yanapumua, binti. Maji yakilala mahali yanapoteza ladha, mtu akinywa anaona kama anakunywa hewa. Yaangushe, yapige kelele, yanaamka." Akachota kwa kikombe chake cha bati, akanionjesha ya juu, kisha ya chini. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania, tofauti ilikuwepo.

Kila asubuhi alinionjesha maji kabla ya kazi. Nikajua ya bomba la mjini yana harufu ya dawa, ya kisima yana chuma, ya ziwa yana matope na samaki. Baadaye ndiyo akanifundisha kufunga uzi wa bomba kwa katani na rangi: katani unaikunja kufuata uzi, rangi unapaka kidogo, halafu unakaza bila hasira. "Ukisikia uzi unalia, rudi nyuma," alisema. Nyie wa siku hizi mna tepu nyeupe, mnakaza huku mnachati. Haya.

Ikaja miaka ya tisini, enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa. Mwanza ilibadilika tukiwa tunaitazama. Sangara aliyekuwa anakaangwa na mama lishe akaanza kupanda ndege, sisi tukabaki na kichwa na mifupa. Magari yakafika, friji zikafika, sabuni za kila rangi. Na watu waliokuwa na mtumbwi mmoja wakajenga nyumba za vigae Nyegezi. Mmoja wao ni huyu ninayemwita Deo.

Deo alikuwa mtu wa Ukerewe, mkusanyaji wa samaki aliyefanikiwa, mrefu, mwenye sauti ya kuita boti. Alinikuta karakana siku ya Jumamosi, akateremsha boksi kutoka kwenye pikapu yake kwa uangalifu kama anashusha mgonjwa.

"Fundi, shikamoo. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua."

"Marahaba. Inategemea najua nini."

Akafungua. Humo ndani mlikuwa na vikombe vikubwa vya plastiki vya kuchujia, mirija myembamba, pampu ndogo ya umeme na tangi dogo la chuma. Wazungu wa kiwanda cha samaki walikuwa wamemwagizia. Ni mashine ya kusafisha maji, akanieleza, inayasukuma kwa nguvu yapite kwenye utando ambao hata kijidudu hakipenyi. Kisha akashusha sauti. Alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza, Renatus, kwa homa ya matumbo. Amebaki na Skolastika, binti wa miaka mitano, naye kila baada ya muda tumbo, homa, hospitali. "Nimebaki na huyo tu," akasema. "Nifungie hii mashine, fundi. Nifungie kama ni ya mwanao."

Nikaenda. Nyumbani nilimkuta mkewe, Mama Skola, mwanamke mpole aliyeongea kama anaogopa kumwamsha mtu, na mama yake Deo, Bibi Paskazia, aliyehamia kutoka kisiwani kuja kulea wajukuu. Skola mwenyewe alikuwa mgongoni kwa bibi yake ingawa miguu ilishakuwa mirefu, inaning'inia. Bibi alinitazama na sanduku langu la zana, akapiga makofi. "Mwanamke fundi! Sasa nikifa leo nimeshaona yote."

Deo hakutaka sinki yake mpya itobolewe kwa ajili ya bomba la pili. Kwa hiyo nilikata bomba la maji ya baridi chini ya sinki, nikaweka tii, kile kiungo cha njia tatu, nikayapeleka maji kwenye mashine. Njia ya zamani, ile iliyokwenda moja kwa moja kwenye bomba la jikoni, niliifunga kwa koki mpya. Halafu maji yanayotoka kwenye mashine nikayaunganisha na bomba lile lile. Kwa maneno mafupi, ukifungua bomba la jikoni unapata maji ya mashine tu. Ya kuoshea vyombo utayafuata uani. Katani sikuitumia hata kidogo, kwa sababu ile plastiki ingepasuka. Nilikaza kwa vidole, nikamkumbuka Mzee Masalu.

Tukawasha pampu. Mama yangu! Mrija wa kwenda kwenye tangi ukaanza kudondosha tone, tone, kama pua ya mwenye mafua, na mrija wa maji machafu ukamwaga bila aibu. Ndoo ikajaa, mashine bado inadondosha. Mimi niliyetumia maisha yangu kuziba mivujo nilisimama nikitazama maji yanatupwa kwa makusudi, tena kwa umeme. Nilitamani kuifungua yote nirudishe kwenye boksi. Mama Skola akaleta madumu, tukakinga ya kupigia deki, angalau roho ikatulia.

Tangi lilipojaa mara ya kwanza tukayamwaga yote, ndivyo inavyotakiwa. Lilipojaa tena nikaonja. Nikashtuka upya. Hayakuwa na dawa, wala chuma, wala ziwa. Ulimi haukupata kitu cha kushika. Deo akanywa glasi nzima, machozi yakamlenga. Mama Skola akanywa, akatabasamu. Bibi Paskazia akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akalitema kwenye sinki.

"Haya yamekufa," akasema.

"Mama!" Deo akacheka. "Ni masafi hayo."

"Sijasema machafu. Nimesema yamekufa."

Tulicheka wote, hata mimi. Nilibeba sanduku langu nikaondoka nikiwa na amani, na kwa muda nikawa na jina. Nyumba kadhaa za Nyegezi zikaniita, wengine wanataka mashine, wengine wanataka tu kuonekana wamemwita fundi wa mashine.

Mvua zilikuwa zimeanza niliposikia pikapu ya Deo inafunga breki nje ya karakana. Hakusalimia.

"Wewe! Ulinifungia mashine au ulinifungia pambo?"

"Kuna nini, Bwana Deo?"

"Mtoto amelazwa. Homa ya matumbo, tena. Daktari ananiuliza anakunywa maji gani, mimi najibu kifua mbele, ya mashine. Akanitazama kama mwendawazimu." Akapiga benchi letu la kazi kwa kiganja. "Nimezika mmoja, fundi. Huyu akiondoka, nitakutafuta wewe. Mbele ya hawa wote nasema."

Wenzangu wakageuka na spana mikononi. Jamani, nimefunga nini mle? Niliingia kwenye pikapu yake bila hata kunawa, akanishusha nyumbani kwake, yeye akageuza kwenda hospitalini alikokuwa mkewe.

Nilifungua kila kitu. Vikombe vilikuwa safi, utando mzima, pampu inasukuma. Nikailegeza ile njia ya zamani kuiangalia koki yangu: kavu kabisa, hakuna hata tone lililopenya. Nikafungua bomba nikaonja. Hakuna dawa, hakuna kitu, yale yale. Nikakaa chini ya sinki pale, mgongo ukutani, nimechanganyikiwa. Mashine inafanya kazi na mtoto anaumwa. Basi ni nini?

Bibi Paskazia akanionea huruma. Akaniletea chai na viazi vitamu, akaniambia nile kwanza, mtu hawazi na njaa. Huku nakula nikawa namtazama. Alikuwa anamwandalia mjukuu maji ya kupelekwa hospitalini, kwa kuwa mwanawe angerudi baada ya muda kuchukua chakula. Aliwasha pampu, akafungua bomba, akajaza mtungi wake wa udongo aliokuja nao kutoka kisiwani. Polepole, bila kumwaga. Nikasema moyoni, huyu mama anajali. Kisha akaenda nyuma ya mlango, akatoa kibuyu, akazibua gunzi la muhindi, akamimina ndani ya mtungi.

Nikarudisha kiazi sahanini.

"Mama, hayo ni maji gani?"

"Ya ziwa," akajibu, kama nimemuuliza jua ni nini. "Nimeyachota alfajiri hapo chini. Hayo ya mashine yamekufa, mwanangu, uliyaonja mwenyewe. Mtoto atapataje nguvu kwa maji yaliyokufa? Kwetu, kwa mama yangu, maji yakilala ndani tuliyatia ya ziwa kidogo yapate uhai. Ndivyo tulivyokuzwa wote."

Hapo chini! Pale ambapo boti zinaoshwa, watu wanaoga, na mvua ilikuwa inashusha kila kitu kutoka kwenye vyoo vya mlimani. Niliona maji ya mtungi yamepata rangi kidogo, kama chai iliyokataa kukolea. Naye akaendelea, akichanganya kwa kata, sauti tulivu kabisa.

"Hata Renatus nilimwekea. Mkwe wangu alikuwa anachemsha maji yake, walivyoelekezwa kliniki, na moto nao unaua maji. Nilikuwa nayatia uhai kila siku. Ila kwake nilichelewa, alishakunywa yaliyokufa mengi kabla sijaja." Akachota, akaanza kujaza chupa ya chai ya kupeleka hospitali. "Kwa huyu sitachelewa. Kwa huyu naweka ya kutosha."

Yesu na Maria. Nimeshika bomba lililopasuka usoni kwangu, nimeshuka kwenye mashimo yanayobomoka, lakini mwili haujawahi kunifa ganzi vile. Mwanamke huyu alikuwa ameua mmoja na alikuwa anammalizia wa pili, kwa upendo, kwa kata, mbele ya macho yangu, huku mimi nimeshiba viazi vyake. Nilitaka kupiga kelele. Nilimtazama uso, nikaona kwamba nikimwambia ukweli nitakuwa nimemchimbia kaburi pale pale jikoni. Na nisipomwambia, ile chupa inakwenda.

Nikanyanyuka, nikajifanya miguu imelala, nikaipiga chupa kikumbo. Ikaanguka sakafuni, kioo cha ndani kikapasuka.

"Pole, mama! Pole sana! Tumwage yote, vioo vimeruka hadi mtungini." Nikaubeba ule mtungi mimi mwenyewe, nikaumwaga uani wote, nikausugua kwa maji yaliyochemka jikoni, nikausugua tena. Bibi alikuwa ananitazama kwa mshangao.

Ndipo maneno ya Mzee Masalu yakanijia. "Mama," nikasema, "ni kweli maji haya yamelala. Mimi ni fundi, najua namna ya kuyaamsha." Nikajaza sufuria safi bombani, nikainua juu ya kichwa changu, nikayaachia yaanguke mtungini. Yakapiga kelele, yakatoa povu. Nikayarudisha kwenye sufuria, nikayaangusha tena, na tena. "Onja."

Akaonja. Akalishikilia funda mdomoni kama siku ile ya kwanza. Nilikuwa naomba kimoyomoyo.

"Eeh," akasema, akameza. "Yameamka."

"Basi iwe hivyo siku zote. Ya ziwa usiweke tena. Mashine hii ina wivu, ikichanganyiwa maji mengine inaharibika na dawa yake inaisha nguvu. Niahidi, mama."

"Mradi mjukuu wangu apone, nakuahidi," akasema, akafanya ishara ya msalaba. Akachukua sufuria, akaanza kuyaangusha mwenyewe, mikono juu, anacheka povu.

Pikapu ikaingia. Deo akaja mbio jikoni, mkewe nyuma yake amebeba nguo za mtoto za kufua, mtoto wamemwachia muuguzi. "Tatizo limeonekana?"

Bibi alikuwa amesimama kati yetu, kibuyu kitupu mezani mbele yake. Deo alinisubiri. Nilikuwa na jibu moja la kweli, na nililijua uzito wake.

"Ni koki," nikasema. "Njia ya zamani haikufunga vizuri, maji ya bomba yalikuwa yanapenya yanachanganyika na ya mashine. Ni kosa langu. Nimeshalirekebisha."

Maneno aliyonitukana Deo siyaandiki, wengine wenu ni watu wa kanisani. Alibeba sanduku langu akalirusha uani, spana zikatawanyika kwenye matope. Hilo nililitegemea. Nisichokitegemea ni Bibi Paskazia. Aliweka sufuria chini, akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Kumbe ni wewe?" akasema. "Mwanamke mwenzangu? Nimekulisha viazi vyangu, kumbe ndiye uliyekuwa unaniulia mjukuu?"

Nilikuwa nimelitafuta jambo lile mwenyewe, lakini lilipofika lilinipiga kama sikulijua. Nikatoka.

Niwaondoe wasiwasi kabla sijamaliza. Skola alipona, hakulazwa tena kwa tumbo, na siku hizi ana watoto wanaomsumbua yeye. Nyumba za Nyegezi ziliacha kuniita, nikawa yule fundi aliyetaka kumuua mtoto wa Deo, na hata karakana kuna walioamini. Nilirudi kwenye mitaro ya mtaani, huko hakuna aliyeuliza. Bibi Paskazia aliishi hadi uzee mkubwa. Kila nilipokutana naye sokoni nilimwamkia, shikamoo mama, naye alitazama pembeni mpaka nipite. Hakuwahi kuniitikia, mpaka alipofariki. Wosia wangu kwenu wa kazi ni mfupi: msiondoke kwenye nyumba ya mtu kabla hamjaona maji yanakwenda wapi yakishatoka bombani. Sisi kazi yetu inaishia kwenye koki, lakini wao ndiyo wanaanza kuyatumia hapo.

Sasa nirudi uani. Nilikuwa nimeinama naokota spana nikaona miguu ya Mama Skola. Akachuchumaa, akaanza kuniokotea, anazifuta matope kwa upindo wa kanga yake.

"Fundi," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "mimi kila asubuhi nakunywa pale pale bombani, kwa glasi. Maji ya mjini yananuka dawa. Yale hayajawahi kunuka dawa hata siku moja. Na mimi sijaumwa."

Nikaokota spana nyingine, nikaanza kuifuta.

"Skola hanywi bombani. Ananywa ya mtungi."

Nikaendelea kufuta spana ambayo ilishakuwa safi. Kisha nikamwona anarudi nyuma kwenye mawazo yake, mwaka kwa mwaka, mpaka akafika kule nilikokuwa namwombea asifike.

"Kibuyu," akasema. "Nilikuwa nakiona tangu wakati wa Renatus. Nilidhani ni cha kunawia."

Akakaa chini kwenye matope, na kanga yake nzuri. Hakulia. Aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na mabega yakawa yanapanda na kushuka, mimi nimesimama na sanduku sijui niliweke wapi. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Tulikuwa tunasikia maji yanaanguka kutoka juu, yanapiga kelele mtungini, yanarudishwa, yanaanguka tena, na yule mama anahema kwa uzito wa sufuria.

"Anafanya nini?"

"Anayaamsha," nikasema. "Hatatia kingine tena. Ameniahidi. Lakini hajui kwa nini."

Mama Skola alisikiliza. Hatimaye akanyanyuka, akajipangusa uso, akafunga kanga upya kiunoni, akaniwekea mkono begani mara moja tu. Halafu akapanda ngazi za jikoni, na nikamsikia anasema, kwa sauti ile ile ya siku zote:

"Mama, lete hiyo sufuria nikupokee. Utachoka mikono."